Kumi na Mmoja Hawakutaja Mtu

Kufikia saa sita mchana Kavata alikuwa amepanga viti mara tatu. Mara ya kwanza alivipanga kwa mistari, mara ya pili kwa nusu duara, mara ya tatu akavirudisha kwa mistari, kisha akasimama katikati ya ukumbi wa kanisa ameshika kiti kimoja cha plastiki asijue akiweke wapi. Vikombe vilikuwa safi tangu asubuhi na bado aliviosha tena. Chai ilikuwa kwenye thamosi, mandazi yamefunikwa. Hakukuwa na kazi iliyobaki isipokuwa kukaa, na kukaa ndiko kulikomshinda.

Chama cha Historia cha Kasikeu kilikuwa na umri wa miaka sita na wanachama ishirini na wawili, nusu yao wastaafu waliochoka kugombana na kuku nyumbani. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kiliandaa mhadhara wa wazi: mtu yeyote aje, asikilize, anywe chai. Watu walikuja, na tusidanganyane, wengi walikuja kumsahihisha mzungumzaji. Mhadhara wa kinu cha kwanza cha posho uliziacha koo mbili hazisalimiani hadi Pasaka. Kavata, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa katibu. Aliandika kila kitu katika kitabu kikubwa cheusi, na jambo likishaingia humo, Kasikeu nzima ililichukua kuwa kweli.

Leo mzungumzaji alikuwa mwanawe, mwenyekiti mwenyewe, mwalimu wa historia wa sekondari, mtu wa miaka arobaini na sita mwenye kitambi cha heshima na projekta ya kuazima. Jina lake Nzuki. Jina hilo mama yake hakuwa amelitamka hata siku moja.

Msishangae. Nzuki lilikuwa jina la baba mkwe wake, na kwa Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Lakini kuna desturi nyingine, ile inayoitwa nthoni, heshima iliyochanganyika na haya, inayomkataza mke wa mwana kulitaja jina la baba mkwe, awe hai au awe kaburini. Kwa hiyo mwanamke humzaa mtoto, humnyonyesha, humfunga kamba za viatu, na kumwita hawezi. Kavata alimwita Baba. Shuleni, kila mwanafunzi mwenye jina hilo alimwita kwa jina la ubatizo, na mmoja ambaye hakuwa na la ubatizo aliitwa "wewe wa dirishani" mpaka akamaliza darasa la nane. Katika kitabu cheusi, kwa miaka sita, mwanawe alikuwa "Mwenyekiti" tu. Hata nyuki, ambao kwa Kikamba ni nzuki, kwake walikuwa wadudu wa asali. Watu walimtania, lakini walimheshimu kwa hilo.

Kando ya jukwaa kulikuwa na kibao kilichofunikwa kwa leso. Kavata alijua kilichoandikwa chini yake, maana fundi wa rangi alikileta nyumbani kwake jana: SILANGA YA NZUKI WA NYAMAI, MWANZILISHI. Baada ya mhadhara kingefunuliwa kwa makofi, na Jumatatu kingechimbiwa ukingoni mwa silanga, lile bwawa la udongo ambalo nusu ya kata huchota maji. Alilala nacho chumba kimoja na usingizi ukamkimbia. Usiku kucha alijiambia atamwita mwanawe asubuhi amweleze. Asubuhi akamwita.

"Baba, kabla hujaenda, kuna kitu nataka kukuambia juu ya hii silanga."

"Mwaitu, please," Nzuki akajibu, waya za projekta shingoni, simu sikioni. Mwaitu ni mama. "Hiyo utasema wakati wa maswali kama watu wengine. Leo usinipendelee!" Akacheka, akatoka.

Basi hapo ndipo roho yake ilipokuwa, juujuu, tangu asubuhi.

Watu walianza kuingia saa nane kasoro. Mzee Mwau akachukua kiti cha mbele kama kawaida yake, apate kupinga kwa ukaribu. Akina mama wa kwaya wakajaza mistari ya kati. Kisha mlangoni akatokea mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mtungi wa plastiki wa manjano mkononi. Akauweka mtungi nje ya mlango, akaingia, akakaa nyuma kabisa. Kavata alipomwona akamwaga chai kwenye sahani.

Alikuwa Mbinya, binti wa Kaluki. Hakuwahi kuja kwenye mhadhara hata mmoja.

Kavata akamwendea na kikombe. "Mbinya, karibu. Umekuja."

"Nimesikia mama yangu atasomwa leo," Mbinya akasema. "Nikasema acha nisikie na masikio yangu. Nikitoka hapa nateremka silanga. Leo ni siku ya maji."

Kila mtu Kasikeu alijua habari ya Kaluki, au alidhani anaijua. Mwaka wa hamsini na saba, wanawake wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, walichimba silanga kwa majembe na makarai. Siku moja ukingo ukaporomoka ukamfukia Kaluki, naye Mbinya alikuwa mtoto wa miaka minne. Ikasemwa kwamba Kaluki alikuwa na haraka ya kumaliza kipande chake, akachimba chini ya ukingo mahali palipokatazwa, akajiua na nusura aue wenzake. Tangu hapo boma lake likapewa zamu ya mwisho ya maji. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Ilikaa tu, miaka sitini na minane, na kila Jumamosi jioni Mbinya huchota baada ya watu wote, punda wote na ng'ombe wote, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa.

Nzuki alianza vizuri. Kijana alijua kusema, hilo mama yake hakumnyima. Akaonyesha picha ya silanga siku hizi, ikiwa na bata. Akaonyesha picha ya babu yake akiwa amevaa koti zito na kushika fimbo ya kupimia, msimamizi wa kazi, mtu aliyemgawia kila mwanamke hatua zake za kuchimba. Akasimulia jinsi babu alivyokataa silanga ijengwe karibu na boma la chifu, akataka iwe mahali ambapo maskini pia wangeifikia. Watu wakapiga makofi. Hayo yalikuwa kweli, na Kavata akayaandika. Aliandika, akainuka, akarudi akakaa, akafungua dirisha, akalifunga.

"Sasa," Nzuki akasema, "tuje kwa ile ajali. Watu wameongea sana. Mimi nimeenda Nairobi nikatafuta karatasi, na nimeipata."

Ukutani ikaonekana karatasi ya taipureta, imefifia, yenye muhuri. Ilikuwa ripoti ya uchunguzi wa serikali ya mkoloni. Nzuki akaisoma kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayehesabu mayai.

"Wanawake kumi na mmoja waliokuwa kazini waliulizwa, kila mmoja peke yake: Ni nani aliyewaagiza mchimbe chini ya ukingo? Hakuna aliyetaja mtu. Wengi waliinamisha kichwa, wengine wakajifunika uso kwa nguo. Walipoulizwa nani alikuwa chini wakati huo, wote walijibu: Kaluki. Kwa hiyo karani ameona kwamba marehemu alichimba kwa hiari yake, na wenzake wanaona aibu kwa ajili yake."

Akazima kalamu yake ya mwanga. "Hiyo ndiyo evidence, ndugu zangu. Sisemi kwa ubaya. Mama Kaluki alifanya makosa, apumzike kwa amani. Lakini historia si huruma."

Kavata alikuwa ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa hewani. Alikuwa akitazama maneno mawili tu pale ukutani: wakajifunika uso. Aliwaona. Aliwaona wale wanawake mmoja mmoja mbele ya meza ya karani, mgeni asiyejua Kikamba wala mambo ya Wakamba, wakiulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa jina, na midomo yao imefungwa na adabu waliyofundishwa siku ya arusi. Karani akaandika aibu. Aibu ilikuwepo kweli, ila hakuwa ameuliza ni aibu ya nani.

Hakuhitaji kukisia. Mwaka wa tisini na moja, baba mkwe wake alilala miezi mitano bila kuinuka. Mama mkwe alikwisha kufa, na Kyule, mume wa Kavata, alikuwa akifanya kazi Mtito Andei kwenye kituo cha petroli, anakuja mwisho wa mwezi. Kavata akamlisha mzee uji, uso wake akiwa ameugeuza pembeni kama nthoni inavyotaka, kijiko kikitafuta mdomo chenyewe. Siku moja mzee akasema akiwa ametazama ukuta: "Ni mimi. Kaluki alikataa. Aliniambia ukingo una ufa, tuanze upande ule mwingine. Bwana mkubwa wa serikali alikuwa anakuja Jumatatu, nikataka akute imeisha. Nikamwambia kama anaogopa kazi arudi kwao. Akashuka." Kavata akangoja aseme zaidi. Mzee akaomba maji. Baada ya wiki mbili akafa, akazikwa na chama cha wazee kwa heshima zote.

Kwa miaka mingi Kavata alidhani amepewa siri hiyo kwa kuwa aliaminiwa. Siku moja tu, akiosha vyombo, akaelewa. Mzee alikuwa na wana watatu wa kuwaambia, alikuwa na mchungaji, alikuwa na ndugu zake. Akachagua mdomo mmoja katika Kasikeu yote ambao usingeweza kulitaja jina lake. Siku hiyo alivunja sahani mbili, na hazikumponyoka.

Lakini hakusema. Badala yake kila Krismasi alipeleka kilo mbili za sukari kwa Mbinya. Mbinya alishukuru, akamwombea.

"Maswali?" Nzuki akauliza.

Mzee Mwau akainua fimbo kabla neno halijaisha. "Mimi nauliza, mama mwenye mtoto mdogo nyumbani atajiingiza vipi chini ya udongo bila kutumwa? Hiyo hainiingii."

"Swali zuri, mzee. Lakini angalia karatasi. Kama kuna mtu alimtuma, kumi na mmoja wote wangenyamaza? Hata mmoja asitaje? Kumi na mmoja!" Nzuki akageukia watu, amefurahi, kama amefunga bao. "Kitu kama hiyo haiwezekani."

"Inawezekana," Kavata akasema.

Hakujua kwamba amesimama. Katibu huwa haulizi maswali, kazi yake ni kuandika. Watu wakageuka.

"Hao wanawake kumi na mmoja," akasema, "majina yao yako hapo?"

"Yako, Mwaitu. Ukurasa wa pili." Akabonyeza. Majina yakatokea.

"Tusomee. Soma na waume wao."

Nzuki akasoma. Mke wa fulani, mke wa fulani. Alipofika wa nne, mama mmoja wa kwaya akatoa sauti kama mtu aliyejichoma sindano. Alipofika wa saba, akina mama wazee walikuwa wameanza kutazamana. Yeye aliendelea mpaka mwisho bila kuona kitu. Mwanamume anaweza kukaa na nthoni nyumba moja miaka arobaini na sita akadhani mama yake humwita Baba kwa mapenzi tu.

"Wote ni wake za ukoo wetu," Kavata akasema. "Waume zao walikuwa wana wa nani? Wengine wana wake wa kuzaa, wengine wana wa ndugu zake. Wote ni wake za wana wake. Huyo karani aliwauliza jina la baba mkwe, Baba. Unafikiri wangejibu nini?"

Ukumbi ukawa na sauti ya viti. Nzuki akaitazama karatasi, akamtazama mama yake, na uso wake ukaanza kubadilika. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu akibanwa hushika kanuni. "Mwaitu, hiyo ni theory. Unasema kuna mtu aliwaagiza. Nani? Hatuwezi kuandika kwa kitabu 'yule mzee'. Kama unajua, sema jina. Bila jina hiyo ni porojo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomkera Kavata zaidi. Akafungua mdomo. Mwili wake wote ulikuwa umekaa juu ya neno hilo miaka arobaini na saba, tangu arusi, na sasa ulikataa kuinuka. Akaona mama mmoja amejifunika uso kwa leso akimwonea haya kabla hata hajasema. Akafikiria kukaa. Ingekuwa rahisi, watu wangesema mama Kavata amezeeka, kibao kingefunuliwa, chai ingenywewa. Kisha macho yake yakafika nyuma, kwa Mbinya, aliyekuwa ameegemeza viwiko magotini akingoja kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini.

"Nzuki," akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mwanawe akashtuka kana kwamba amepigwa kofi.

"Nzuki wa Nyamai. Baba ya Kyule mume wangu. Ndiye aliyewaagiza. Kaluki alimwambia ukingo una ufa, akakataa kushuka, akamwambia arudi kwao kama anaogopa. Akashuka kwa sababu hiyo. Aliniambia kwa kinywa chake, mimi namlisha uji."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mwau, ambaye hakuwahi kukosa la kusema katika mihadhara sitini, akavua kofia akaiweka magotini. Nzuki akashika meza. Ukutani nyuma yake majina kumi na moja yalikuwa bado yanawaka.

Kavata alidhani sasa moyo ungetulia. Alikuwa amelisema, mbingu haikuanguka, na miguu ilikuwa bado imemshika. Akamwona Mbinya akiinuka na kuja mbele kati ya viti, taratibu, na akafikiri, Mungu amsamehe, kwamba anakuja kumkumbatia.

Mbinya akasimama upande wa pili wa meza ya katibu. "Ulijua lini?"

"Tisini na moja."

Mbinya akahesabu. Hakuhesabu kwa vidole, alihesabu kwa macho, akitazama ukuta juu ya kichwa cha Kavata. "Ulikuwa unafundisha Ndila wangu, darasa la tatu. Watoto walikuwa wanamwita mtoto wa silanga. Alikuwa anakuja kwako akilia, na wewe unamwambia anyamaze."

"Ndiyo."

"Na ile sukari. Kumbe ndio ilikuwa hii."

Kavata alitaka kusema habari za nthoni, alitaka kusema hata wale kumi na mmoja hawakuweza, lakini wale kumi na mmoja hawakuwa wamepeleka sukari.

"Andika," Mbinya akasema. "Mimi si msomi sana lakini naweza kusoma. Andika nione."

Kavata akakaa. Akaandika katika kitabu cheusi: Nzuki wa Nyamai aliagiza ukingo uchimbwe. Kaluki alikataa, akalazimishwa, akafa. Ilikuwa mara ya kwanza kuliandika jina hilo pia. Akageuza kitabu. Mbinya akafuata maneno kwa kidole mpaka nukta.

"Haijaisha. Andika na aliyejua."

Nzuki akasogea. "Mama Mbinya, tafadhali, hiyo si lazima. Yeye ndiye amesema ukweli leo..."

"Baba, acha," Kavata akasema.

Usiku mzima alikuwa ameogopa jina la mtu aliyekufa. Hili la pili hakuwa ameliwazia hata kidogo, nalo lilikuwa jina alilokuwa ameliandika maelfu ya mara, katika rejista, katika hundi za mshahara, chini ya kila ukurasa wa kitabu hiki. Akaona haya, haya ya kweli, isiyofundishwa na mtu. Alikaa na kalamu juu ya karatasi mpaka mtu mmoja akakohoa. Kisha akaandika: Kavata, mke wa Kyule, alijua tangu mwaka wa 1991, hakusema.

Mbinya akasoma tena kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, kama mtu aliyepokea mzigo wake akakuta haujapungua. Hakutoa mkono. Akapita mbele ya kibao kilichofunikwa bila kukitazama, akafika mlangoni, akainama akachukua mtungi wake wa manjano.

Nje, njia ya silanga ilikuwa imeshaanza kujaa punda na watoto wenye mitungi, na ilikuwa bado mapema, maji yalikuwa hayajachafuliwa.

"Leo nachota wa kwanza," Mbinya akasema bila kugeuka, akaenda.